UZI: Saa ya Linux imepishana masaa matatu? Usisogeze saa, weka ukanda wa saa

#1 · Mshika Seva (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wakuu.

Haipiti wiki humu jukwaani bila mtu kuuliza kwa nini kompyuta yake ya Linux inasoma masaa matatu nyuma. Na karibu kila mara jibu la kwanza analopewa ni `sudo date -s`. Naomba jibu hilo tulizike leo. Ukilifuata saa inakaa sawa machoni, halafu baada ya dakika chache, au ukizima na kuwasha, imerudi pale pale. Mbaya zaidi ni pale isiporudi: mambo mengine yanaanza kuharibika na huelewi yameanzia wapi.

Kernel ya Linux (kiini cha mfumo) haijui Dar wala Nairobi. Yenyewe inahesabu sekunde tangu saa sita usiku ya tarehe 1 Januari 1970 kwa UTC (saa ya kimataifa, ile ya Greenwich), basi. Kwamba muda huu Mbeya ni asubuhi, hiyo ni hesabu inayofanywa na programu pale inapotaka kukuonyesha, kwa kusoma /etc/localtime. Hiyo kwa kawaida ni kiungo tu kinachoelekea kwenye faili mojawapo ndani ya folda ya /usr/share/zoneinfo. Seva nyingi za kukodi mtandaoni zinakuja zikiwa zimewekwa UTC, na sisi huku tuko UTC+3. Kwa hiyo ukiona tofauti ya masaa matatu kamili, dakika na sekunde zikiwa sawa, elewa kwamba saa ya mashine iko sahihi kabisa. Kilichokosekana ni kuiambia iko wapi.

Ukipiga `date -s` unaisogeza ile hesabu yenyewe. Mashine sasa inaamini kwamba dunia nzima iko masaa matatu mbele. Zile namba za tarakimu sita za kuingilia akaunti, zinazobadilika kila sekunde 30, zinaanza kukataa kwa sababu zinakokotolewa kutoka UTC. Cheti cha HTTPS kilichobakiza saa moja kinaonekana kimeshakwisha. Faili unazohifadhi zinapigwa mhuri wa muda ambao haujafika, na saa ikirudishwa `make` inakulalamikia kwamba faili zimetoka siku za usoni. Kisha NTP (huduma inayosawazisha saa kupitia mtandao) ikipata mtandao inarudisha saa mahali pake, nawe unasema Linux inakusumbua.

Njia sahihi ni hii. Kwanza angalia hali ilivyo:

`timedatectl`

Soma mistari mitatu: Local time, Universal time na Time zone. Universal time linganisha na saa ya simu yako ukitoa masaa matatu. Ikiwa sawa, saa ni nzima. Time zone ikiandika Etc/UTC, ugonjwa wako ndio huo. Dawa:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`

Kwa Kenya weka Africa/Nairobi, kwa Uganda Africa/Kampala. Hakikisha pia NTP inafanya kazi:

`sudo timedatectl set-ntp true`

Majina yaandikwe kama yalivyo, herufi kubwa mahali pake na mistari ya chini mahali pake. Wengi wanaandika Africa/Dodoma na kujibiwa "Failed to set time zone: Invalid or not installed time zone". Dodoma haimo. Zanzibar haimo. Mombasa haimo. Hifadhidata ya kanda za saa inaupa ukanda jina la mji wenye watu wengi zaidi kwenye eneo husika, haifuati makao makuu ya serikali. Orodha nzima unaipata kwa `timedatectl list-timezones | grep Africa`.

Kwenye mashine isiyo na systemd (programu inayosimamia huduma za mfumo, ndiyo yenye `timedatectl`), tengeneza kiungo mwenyewe:

`sudo ln -sf /usr/share/zoneinfo/Africa/Dar_es_Salaam /etc/localtime`

Debian na Ubuntu zina pia `sudo dpkg-reconfigure tzdata`, inakupa menyu ya kuchagua bara kisha mji.

Jambo la mwisho ambalo watu wanalisahau: programu nyingi zinasoma ukanda zinapoanza kazi na haziangalii tena. Ukibadilisha ukanda, iwashe upya cron (inayoendesha kazi kwa ratiba): `sudo systemctl restart cron`, au `crond` kwa familia ya Fedora na AlmaLinux. Ukiacha, kazi zako za usiku zinaweza kuendelea kwa saa ya zamani mpaka siku utakayozima mashine.

Nawasilisha. Mwenye swali aweke hapa na matokeo ya `timedatectl`, asiseme tu "saa haikai".

#2 · Tegeta kwa Ndevu

Mkuu shusha nondo. Mimi kwenye .bashrc nina `export TZ=EAT`. Nikipiga `date` inaandika EAT (East Africa Time) kabisa, lakini saa ni ile ile ya UTC. Hapo inakuwaje?

#3 · Mshika Seva

Swali zuri sana mkuu, maana hili limewapoteza wengi. Hakuna faili linaloitwa EAT kwenye zoneinfo. glibc (maktaba ya msingi inayotumiwa na programu za Linux) ikipewa jina isilolijua haikatai wala haitoi onyo. Inahesabu kwa UTC halafu inabandika lile jina ulilompa. Kwa hiyo herufi zinasema Afrika Mashariki, saa inasema Greenwich. Futa mstari huo. Kama unahitaji TZ kwa akaunti yako tu, weka `export TZ=Africa/Dar_es_Salaam`.

Na kwa kuwa tuko hapo: wapo wanaoweka Etc/GMT+3 wakidhani ndiyo yetu. Kwenye kundi la Etc alama zimegeuzwa, kwa kufuata mtindo wa POSIX wa kuhesabu kuelekea magharibi. Etc/GMT+3 ni masaa matatu NYUMA ya Greenwich. Yetu ingekuwa Etc/GMT-3. Usiitumie hata hiyo. Jina la mji linabeba historia na mabadiliko yajayo, namba tupu haibebi kitu.

#4 · Binti Famasia

Shikamooni wakubwa. Kaka Mshika Seva, naomba msaada. Nasimamia mfumo wa mauzo wa duka la dawa linalofanya kazi usiku na mchana. Seva nimeshaiweka Africa/Dar_es_Salaam, `date` iko sawa. Ila mauzo ya kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku yanaingia kwenye ripoti ya jana yake. Keshia wa zamu ya usiku anaonekana ana upungufu kila siku na ameshaanza kulaumiwa. Mfumo ni PHP na PostgreSQL.

#5 · Mshika Seva

Marahaba dada. Keshia wako hana kosa, na ushahidi umeshautaja mwenyewe: mpaka ni saa tisa usiku. Saa tisa usiku kwetu ni 03:00, yaani 00:00 UTC. Ripoti yako inakata siku kwa UTC.

Kubadilisha ukanda wa mfumo hakujatosha kwa sababu PHP haiufuati. Ina mpangilio wake, `date.timezone` ndani ya php.ini, na usipoujaza inatumia UTC. Kama ni Laravel, angalia config/app.php, nako kuna timezone. PostgreSQL nayo ilichukua ukanda wa mashine siku ilipoanzishwa na kuuandika kwenye postgresql.conf. Seva ilikuwa UTC siku hiyo, ikabaki hivyo. Piga `SHOW timezone;` uone.

Ushauri wangu: safu ya muda iwe aina ya `timestamptz` (muda unaozingatia ukanda), muda uhifadhiwe kama kawaida, na siku ikatwe kwa ukanda unaoutaja waziwazi ndani ya ripoti:

`SELECT date_trunc('day', muda AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam') AS siku, sum(kiasi) FROM mauzo GROUP BY 1 ORDER BY 1;`

Hapo hata mtu akihamisha hifadhidata kwenda seva nyingine, ripoti haitetereki. Kama safu yako ni `timestamp` bila tz, usiguse kitu kwanza. Tuambie data iliyomo iliingizwa kwa saa gani, maana ukigeuza bila kujua unaweza kuiharibu yote.

Na tafadhali itoe upya ripoti ya miezi iliyopita mumwonyeshe huyo keshia na bosi wake. Asibaki na doa kwa kosa la seva.

#6 · Binti Famasia

Ni timestamptz, na SHOW imesema Etc/UTC. Nimetumia hiyo amri kwa data ya jana, jumla imelingana na daftari la keshia mpaka shilingi ya mwisho. Ahsante sana kaka, kesho nampelekea bosi.

#7 · Mzee wa Kibokoni

Vijana hamjambo. Mimi naandika barua na hesabu za msikiti kwenye Linux, niko Mombasa. Kuna namna ya kuifanya saa isome kwa Kiswahili, asubuhi ya 9:00 isome 3:00?

#8 · Mshika Seva

Shikamoo mzee wangu. Namna ipo, na hapo ndipo ile Etc/GMT+3 niliyoikataza juu inapopata kazi. Sisi tuko masaa matatu mbele ya UTC, yenyewe iko matatu nyuma, jumla sita, na sita ndiyo tofauti ya saa yetu na ya Kizungu:

`TZ=Etc/GMT+3 date +%-I:%M`

Saa 9:00 asubuhi inatoa 3:00. Saa 19:00 inatoa 1:00. Saa 6:00 alfajiri inatoa 12:00. Iwekwe kwenye amri hiyo moja tu, kamwe usiiweke kuwa ukanda wa mfumo. Na isitoe tarehe, kwa sababu kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi itakuonyesha tarehe ya jana.

#9 · Cron na Kahawa

Naongezea hapo kwenye cron, maana makosa mengi huku kwetu yanatoka kwenye maagizo ya mdomo. Bosi akisema bakapu ifanyike saa nane usiku, kwenye crontab (faili la ratiba la cron) ni `0 2 * * *`. Saa tano usiku ni 23. Saa kumi alfajiri ni 4. Nimekuta sehemu imewekwa 8 na bakapu inaanza asubuhi wateja wakiwa foleni.

Kubwa zaidi ni siku. Mtu akikwambia "usiku wa Jumatatu, saa saba", usiandike kitu kabla hujamuuliza: usiku wa kuamkia lini? Wazee wengi wa pwani usiku wa Jumatatu kwao ni ule unaotangulia Jumatatu, ofisini wengi wanamaanisha ule unaofuata. Cron inabadilisha siku saa sita usiku bila huruma, hivyo usiku wa kuamkia Jumanne saa saba ni `0 1 * * 2`.

Wanaotumia taima za systemd mna raha zaidi, mnaweza kuutaja ukanda ndani ya mstari wenyewe:

`OnCalendar=*-*-* 02:00:00 Africa/Nairobi`

#10 · Kontena Kavu

Wakuu, kontena ya Docker yenye Debian nyepesi. Nimeipa `-e TZ=Africa/Dar_es_Salaam`. `date` inaonyesha saa ya UTC, na mahali pa EAT pameandikwa "Africa". Mashine mama iko sawa kabisa.

#11 · Mshika Seva

Hilo neno "Africa" ndilo linalokwambia tatizo, ni kisa kile kile cha #2. Kontena haina kifurushi cha tzdata (chenye faili za kanda za saa), glibc imelikosa faili, ikachukua herufi za mwanzo mpaka kwenye mkwaju (/) na kuzifanya jina la ukanda. Weka tzdata ndani ya Dockerfile:

`RUN apt-get update && DEBIAN_FRONTEND=noninteractive apt-get install -y tzdata`

Hicho kipande cha noninteractive usikiache, bila hicho ujenzi unaweza kukwama ukisubiri mtu achague bara. Alpine ni `apk add --no-cache tzdata`.

#12 · Mwanafunzi wa Coict

Laptop yangu ina Windows na Ubuntu. Nikitoka Ubuntu kwenda Windows saa iko matatu nyuma. Windows ikijirekebisha, nikirudi Ubuntu nako iko matatu mbele mpaka ipate intaneti. Nimebadilisha betri ya CMOS, haijasaidia.

#13 · Mshika Seva

Betri haihusiki, mdogo wangu. Betri ikifa saa inarudi miaka nyuma, siyo masaa matatu kamili. Hapa mifumo miwili inaisoma saa ya ubaoni kwa namna tofauti. Linux inaandika UTC humo, Windows inaandika saa ya eneo. Kila mmoja akimwachia mwenzake, mwenzake anaielewa vibaya.

Ifundishe Windows. Fungua Command Prompt kama msimamizi:

`reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation" /v RealTimeIsUniversal /t REG_DWORD /d 1 /f`

Kuna watakaokwambia upige `timedatectl set-local-rtc 1` upande wa Linux. Inafanya kazi, ila timedatectl yenyewe itakuwekea onyo, na onyo hilo lina sababu kwenye nchi zinazosogeza saa majira ya joto. Huku kwetu hatusogezi, hivyo madhara ni madogo. Bado mimi ningeirekebisha Windows.

#14 · Mtoto wa Virunga

Ndugu zangu, salamu kutoka Goma. Seva yetu iko hapa, tawi lingine liko Kinshasa. Tuweke gani?

#15 · Mshika Seva

Karibu sana ndugu. Kongo ina kanda mbili. Goma, Bukavu, Lubumbashi na Kisangani ni UTC+2, jina ni Africa/Lubumbashi. Kinshasa ni UTC+1, Africa/Kinshasa. Kwa hali yenu, seva ibaki UTC na kila tawi lionyeshwe saa yake ndani ya programu. Mkiiweka seva kwa saa ya Goma, kuna siku mtu wa Kinshasa atasoma logi na kudhani muamala umefanyika baada ya yeye kufunga ofisi.

#16 · Mbeba Boksi UK

Hapo ndipo nina hoja. Mimi nasema seva ZOTE ziwe UTC, hakuna cha Dar wala Nairobi. Niko Uingereza, nimekuta kazi imewekwa saa 01:30 kwenye seva ya Europe/London. Jumapili ya mwisho ya Oktoba 01:30 inatokea mara mbili. Jumapili ya mwisho ya Machi haitokei kabisa.

#17 · Mshika Seva

Kwa Ulaya nakuunga mkono moja kwa moja, na kwa seva yoyote yenye watumiaji wa nchi zaidi ya moja pia. Lakini chukua shule ya kata au kituo cha afya chenye kompyuta moja chini ya meza, na anayeiangalia ni mwalimu au nesi. Afrika Mashariki haina kusogeza saa. Huyo akifungua logi na kukuta muda unaolingana na saa ya ukutani, ataweza kukwambia kitu cha maana kwenye simu. Mlazimishe atoe matatu kichwani na utapata maelezo yaliyopinda. Mimi mashine hizo naziweka saa ya eneo, na sioni cha kujutia.

#18 · Juba Road

Nina mashine ya zamani Juba, ukanda ni Africa/Juba na bado iko saa moja mbele. Fundi aliyepita alitaka niweke Nairobi, lakini hiyo ni ile ile +3.

#19 · Cron na Kahawa

Sudan Kusini ilihama kutoka UTC+3 kwenda UTC+2 tarehe 1 Februari 2021. Mashine yako ina tzdata ya kabla ya hapo. Hakiki:

`zdump -v Africa/Juba | grep 2021`

Ikitoka tupu, sasisha: `sudo apt update && sudo apt install --only-upgrade tzdata`. Na kama kuna programu ya Java humo, JVM (injini inayoendesha programu za Java) inabeba nakala yake ya data hizi, isasishe nayo. Khartoum ilishafanya hivyo hivyo Novemba 2017, kwa hiyo anayehudumia kote kuwili aangalie zote.

#20 · Kliniki 254

Sasa ya kwangu ni tofauti kidogo. Kenya, mfumo wa kliniki. Wagonjwa wazee wasiojua tarehe kamili ya kuzaliwa tunawaandikia 1 Januari. Bibi aliyeandikwa 01/01/1940 anasomeka 31/12/1939. Wa 1950 wako sawa. Seva ni Africa/Nairobi na saa iko sahihi.

#21 · Mshika Seva

Hii ni tamu, kaa nayo kidogo. Nairobi haikuwa +3 siku zote. Kwa data za sasa, kuanzia 1937 mpaka mwisho wa Julai 1942 ilikuwa masaa mawili na dakika 45 mbele ya Greenwich. Kabla ya hapo kuna vipindi vya masaa mawili na nusu. Faili la Africa/Nairobi limeyabeba yote. Jionee:

`TZ=Africa/Nairobi date -d '1940-01-01 00:00 +0300'`

Itakupa tarehe 31 Desemba 1939, 23:45, +0245. Kilichotokea kwenu ni kwamba sehemu moja ya mfumo inaigeuza tarehe ya kuzaliwa kuwa saa sita kamili usiku kwa +3 isiyobadilika, na sehemu nyingine inaisoma kwa ukanda wa Nairobi wenye historia yake. Robo saa inapotea, na siku inaondoka nayo.

Usibadilishe ukanda kukwepa hili. Tarehe ya kuzaliwa haina saa, kwa hiyo isihifadhiwe na saa. Safu iwe `date`, na kama ni Java iwe LocalDate. Tena msitegemee data za kabla ya 1970 kwa jambo lolote zito, hifadhidata yenyewe inaahidi usahihi kuanzia mwaka huo kwenda mbele.

Kabla ya kugeuza safu, toa orodha ya wote waliozaliwa kabla ya Agosti 1942 na mlinganishe na kadi za karatasi. Walioingizwa kupitia ile sehemu ya pili ya mfumo wanaweza kuwa sahihi tayari, ukiwasogeza wote kwa pamoja utawaharibu hao.

#22 · Kliniki 254

Nimeiendesha hapa, imetoka 23:45 kama ulivyosema. Orodha nimeitoa, kadi tunazivuta kesho na dada wa mapokezi. Safu nitaigeuza Jumapili kliniki ikiwa imefungwa, nitaleta mrejesho.